Saa ya Kula na Kiasi cha Kula: Ulaji wa Ulaya na wa Marekani

Jiko la Ulaya na jiko la Marekani hutumia vitu vilevile: ngano, viazi, nyama ya ng'ombe, maziwa, sukari, kahawa. Sehemu kubwa ya mapishi ya Marekani ilivushwa Atlantiki na wahamiaji wa Ulaya wenyewe. Hata hivyo watu wa pande hizo mbili hawali kwa namna moja. Wanatofautiana katika saa ya kula, mahali pa kula, kiasi kinachopakuliwa, na katika swali la nani mwenye kauli ya mwisho juu ya chakula: mlaji, mwenye kiwanda au serikali. Takwimu za matumizi ya muda zinazokusanywa na OECD, jumuiya ya nchi tajiri, zinaonyesha kwamba Mfaransa wa kawaida hutumia zaidi ya saa mbili kwa siku akila na kunywa, ilhali Mmarekani hutumia saa moja na dakika chache tu. Tofauti hiyo huelezwa mara nyingi kuwa ni ya tabia: Mfaransa hupenda kula vizuri, Mmarekani ana haraka. Maelezo hayo ni mepesi mno. Historia ya ardhi, sheria za kazi, mishahara na barabara huonyesha kwamba tabia hizo zimejengwa, na nyingi zimejengwa katika kipindi cha miaka mia moja na hamsini hivi.

Ulaya yenyewe si kitu kimoja. Kusini hupikwa kwa mafuta ya zeituni na kunywewa divai; kaskazini hutawala siagi na bia. Mhispania huketi kula chakula cha usiku saa tatu au saa nne, wakati familia nyingi za Norwei zimeshamaliza mlo wao mkuu wa siku tangu saa kumi na moja jioni. Mjerumani wa jadi hula chakula moto mchana, na jioni huandaa mkate, jibini na nyama baridi. Asubuhi Mwitaliano hutosheka na kahawa na andazi moja, akiwa amesimama kaunta. Mwingereza, akipata nafasi, huweka mayai, soseji, nyama ya nguruwe na maharagwe kwenye sahani moja. Uingereza kwa mambo mengi imesimama katikati ya Ulaya na Marekani, na kwa baadhi ya mambo iko karibu zaidi na New York kuliko na Roma.

Marekani nayo ni nchi ya majiko mengi. Kusini mwake kuna mapishi yaliyotokana na Waafrika waliopelekwa utumwani: bamia, kunde na ufuta ni mazao yaliyofika huko kutoka Afrika, na mashamba ya mpunga ya Carolina yalistawi kwa ujuzi wa watu wa Afrika Magharibi waliojua kilimo hicho kabla ya kukamatwa. Mchuzi mzito wa bamia wa Louisiana, nyama za kuchomwa polepole za Texas na chapati za mahindi za mpakani na Meksiko havifanani. Basi linalolinganishwa hapa ni mielekeo mikubwa, na kwa upande wa Ulaya mifano iliyo wazi zaidi hutoka Ufaransa na Italia.

Mwelekeo wa kwanza unatokana na wingi. Mkulima wa Ulaya alirithi kipande kidogo cha ardhi na kumbukumbu ndefu ya njaa. Ireland ilipoteza takriban watu milioni moja katika njaa iliyoanza mwaka 1845 baada ya ugonjwa kuharibu viazi. Uholanzi ilikumbwa na njaa kali katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, na Uingereza iliendelea kugawa chakula kwa kuponi hadi mwaka 1954. Katika hali hiyo, thamani ilitafutwa katika ubora wa kidogo kilichopo: jibini la bonde hili, mkate wa mji ule, soseji isiyotengenezwa kijiji cha jirani. Kinyume chake, Marekani ilikuwa na ardhi kubwa, ambayo wenyeji wake walikuwa wamenyang'anywa, na kuanzia nusu ya pili ya karne ya 19 ilikuwa na reli za kusafirisha ng'ombe hadi Chicago na mabehewa yenye barafu ya kusambaza nyama yao nchi nzima. Waitaliano zaidi ya milioni nne waliingia Marekani kati ya 1880 na 1920, wengi wao wakitoka kusini, ambako maskini waliiona nyama siku za sikukuu. New York waliikuta bei yake inanunulika kwa mshahara wa kibarua. Tambi zenye madonge makubwa ya nyama juu yake, chakula ambacho Wamarekani wengi hukiita cha Kiitaliano, zilizaliwa humo, katika furaha ya watu waliokuwa wameshinda njaa. Wingi huo ulikuwa ushahidi kwamba safari ilikuwa na maana, na wajukuu wao waliurithi kama jambo la kawaida.

Baada ya wingi likaja gari. Mwaka 1916 Clarence Saunders alifungua Memphis duka la Piggly Wiggly, ambamo mteja alichukua bidhaa rafuni mwenyewe badala ya kuhudumiwa na muuzaji. Mwaka 1948 ndugu wawili, Richard na Maurice McDonald, waliupanga upya mgahawa wao wa San Bernardino, California, kwa utaratibu wa kiwandani: vyakula vichache, kila mfanyakazi na kazi yake moja, hakuna sahani wala uma wa kuosha. Mwaka 1956 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kujenga mtandao mkubwa wa barabara kuu, na migahawa ya aina hiyo ikaota kando yake. Vitongoji vipya vilijengwa mbali na maduka, kwa hiyo familia ilinunua mara moja kwa wiki, ikajaza friji kubwa, na kutegemea chakula kinachokaa muda mrefu bila kuharibika. Miji mingi ya Ulaya ilikuwa imekwisha kujengwa karne nyingi kabla ya gari. Mwoka mikate na mwuza nyama walibaki ndani ya umbali wa kutembea, na mkate uliweza kununuliwa kila siku kwa sababu duka lilikuwa njiani kutoka kazini. Watu wengi husifu kapu la mnunuzi wa Paris au Bologna kama dalili ya ladha iliyokomaa. Ramani ya mtaa wake ina mchango mkubwa zaidi kuliko ulimi wake.

Muda wa kula nao umelindwa na sheria upande mmoja na kuachwa wazi upande wa pili. Kanuni za kazi za Ufaransa zilimkataza mwajiri kuwaacha wafanyakazi wale katika chumba wanachofanyia kazi, na tangu mwaka 1967 kuna mfumo wa hati za chakula, ambamo mwajiri huchangia gharama ya mlo wa mchana mgahawani. Sheria ya kazi ya serikali kuu ya Marekani haimlazimishi mwajiri kutoa mapumziko ya chakula kabisa. Jambo hilo limeachiwa majimbo na mapatano ya kazini. Ndiyo maana sandwichi mbele ya kompyuta na kahawa ndani ya gari vimekuwa picha ya mchana wa Marekani. Haki ya kuketi na kula ni haki ya kazi, sawa na likizo, na inapokosekana mwenye kuumia kwanza ni mfanyakazi wa chini asiyeweza kujipangia saa zake.

Muda unapolindwa, mlo hupata mpangilio. Mwaka 2010 UNESCO iliorodhesha mlo wa sherehe wa Wafaransa kama urithi wa utamaduni: kinywaji cha kufungulia, kianzio, samaki au nyama na mboga, jibini, kitindamlo, na kinywaji cha kufungia. Mwaka huohuo iliorodhesha pia ulaji wa nchi za Mediterania. Italia ina utaratibu wake, tambi au wali kwanza, nyama au samaki baadaye, na kahawa yenye maziwa mengi hunywewa asubuhi tu. Mgeni huweza kuyaona haya kama masharti ya kuchosha, lakini yana kazi: mlo wenye mwanzo na mwisho unaojulikana humwambia mlaji wakati wa kuacha, na kula ovyo katikati ya milo huonekana ni kukosa adabu. Marekani ilielekea upande wa uhuru wa mlaji. Mteja huulizwa mkate wa aina gani, mchuzi upi, jibini lipi, bila kitunguu au pamoja nacho, na mgahawa unaokataa kubadilisha chakula huonekana una kiburi. Mpishi wa Lyon hudhani kwamba mteja amekuja kula alichokipanga yeye.

Mwanasosholojia Mfaransa Claude Fischler, aliyelinganisha mitazamo ya watu wa nchi za Ulaya na Wamarekani, aliiweka tofauti hii vizuri: Wamarekani hukiona chakula kama jukumu la mtu binafsi, la kuchagua virutubisho sahihi na kujilaumu unapokosea, Wafaransa hukiona kwanza kama jambo la kushirikiana. Mtaalamu wa saikolojia Paul Rozin wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999 akiwa pamoja na Fischler na wenzao, aligundua kwamba kati ya watu wa Marekani, Japani, Ubelgiji na Ufaransa, Wamarekani ndio waliohusisha chakula na afya zaidi na raha kidogo, na Wafaransa walikuwa upande wa pili kabisa. Wamarekani hao ndio pia waliokuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kujiona walaji wa chakula chenye afya. Kuhangaika na chakula hakujawaletea utulivu.

Rozin alirudi mwaka 2003 na swali la kiasi. Yeye na wenzake walipima sahani za migahawa inayolingana ya Paris na Philadelphia. Wastani wa Paris ulikuwa gramu 277, wa Philadelphia gramu 346, yaani robo zaidi. Katika migahawa ya Kichina pengo lilikuwa kubwa kupita hapo. Hata katika McDonald's, ambako chakula kinakaribia kuwa kilekile, Wafaransa waliketi takriban dakika 22 na Wamarekani dakika 14. Wafaransa walikula kidogo zaidi kwa muda mrefu zaidi. Marekani soda hujazwa tena bila malipo, glasi huja imejaa barafu, na kufungiwa mabaki uende nayo nyumbani ni jambo la kila siku. Ufaransa desturi hiyo ya mabaki ilionekana ya aibu, kiasi kwamba ilihitajika sheria: tangu Julai 2021 migahawa inalazimika kutoa chombo kwa mteja anayeomba, kwa lengo la kupunguza chakula kinachotupwa.

Mwendo wa huduma mgahawani una maelezo yake katika mshahara. Kima cha chini cha serikali kuu ya Marekani kwa mhudumu anayepokea bakshishi ni dola 2.13 kwa saa, na hakijabadilika tangu 1991, ingawa majimbo kadhaa, California likiwemo, hutaka alipwe zaidi. Kinachobaki lazima kitoke mfukoni mwa mteja, kwa kawaida asilimia 15 hadi 20 ya bili. Mhudumu huyo hutabasamu, hurudi mezani mara kwa mara na huleta bili mapema kwa sababu meza inayojaa na kuachwa upesi ndiyo kodi ya nyumba yake. Ufaransa bei iliyoandikwa tayari ina huduma ndani yake na mhudumu ana mshahara kamili. Meza huwa ya mteja hadi atakapoinuka, na bili isiyoombwa haiji. Mtalii wa Marekani humwona mhudumu wa Paris mkali, na Mfaransa humwona wa Chicago msumbufu, ilhali wote wawili wanafanya kile ambacho malipo yao yanawataka wafanye.

Hakuna mahali ambapo mifumo hii miwili imegongana waziwazi kama katika sheria za usalama wa chakula. Umoja wa Ulaya hufuata kanuni ya tahadhari: kitu kikitiliwa shaka, kinaweza kuzuiwa hata kabla ushahidi haujakamilika. Marekani huelekea kuruhusu hadi madhara yathibitike, na tangu sheria ya mwaka 1958 viambato vinavyohesabiwa kuwa salama kwa kukubalika na wataalamu havihitaji idhini ya awali. Ulaya kuku aliyeoshwa kwa klorini haruhusiwi tangu 1997, kwa hoja kwamba usafi uanzie bandani. Marekani hukagua zaidi bidhaa inapotoka. Mayai huonyesha jambo hilohilo. Marekani huoshwa na kuhifadhiwa kwenye baridi. Katika nchi nyingi za Ulaya hayaoshwi, ili utando wa asili wa ganda ubaki, nayo hupangwa kwenye rafu za kawaida. Uingereza, kwa mfano, imeegemea chanjo ya kuku dhidi ya salmonela. Njia zote mbili zina mantiki, na kila upande huiona ya mwenzake ya hatari.

Mgogoro mkubwa ulihusu nyama ya ng'ombe. Mwaka 1989 Ulaya ilizuia uingizaji wa nyama ya ng'ombe waliokuzwa kwa homoni. Marekani ililalamika, na mwaka 1998 Shirika la Biashara Duniani liliona kwamba zuio hilo halikuegemea tathmini ya kutosha ya hatari. Ulaya haikuliondoa. Mwaka 1999 Marekani ikaruhusiwa kulipiza, nayo ikaweka ushuru wa asilimia 100 kwa bidhaa za Ulaya zenye thamani ya dola milioni 116.8 kwa mwaka, miongoni mwake jibini la Roquefort, ambalo hutengenezwa kwa maziwa mabichi ya kondoo na kuivishwa katika mapango ya kijiji kimoja kusini mwa Ufaransa. Wafugaji wa eneo hilo hawakuhusika na homoni kwa vyovyote, na soko lao la Marekani likaathirika. Tarehe 12 Agosti 1999 wafugaji hao, wakiongozwa na José Bové, waliingia katika mji wa Millau na kuubomoa mgahawa wa McDonald's uliokuwa unajengwa. Bové alifungwa kwa wiki kadhaa mwaka 2002, naye akawa jina la kitaifa. Tukio hilo lilieleweka vibaya nje ya Ufaransa kama chuki dhidi ya hambaga. Lilikuwa malalamiko ya wazalishaji wadogo walioadhibiwa kwa uamuzi ambao hawakuufanya.

Roquefort inagusa tofauti nyingine: jina la chakula ni mali ya nani. Tangu 1992 Umoja wa Ulaya una sheria ya kulinda majina ya asili. Jina Feta ni la Ugiriki pekee, na mahakama ya Umoja huo iliamua mwaka 2008 kwamba Parmesan ni Parmigiano Reggiano tu, jibini la eneo maalumu la kaskazini mwa Italia. Marekani majina hayo ni ya aina ya bidhaa, na kiwanda cha Wisconsin huuza parmesan yake bila kosa. Ufaransa kwa amri ya 1993 imefafanua mkate wa jadi: unga, maji, chumvi na chachu au hamira, bila viongezeo na bila kugandishwa. Ireland ilikwenda mbali zaidi kwa njia ya kodi. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba mikate ya kampuni ya Kimarekani ya Subway haikustahili msamaha wa kodi unaotolewa kwa mkate kama chakula cha msingi, kwa kuwa sukari yake ilifikia asilimia 10 ya uzito wa unga, na sheria ilikubali 2 tu.

Utamu huo una mizizi katika kilimo. Marekani hulipa ruzuku kwa wakulima wa mahindi na huizuia sukari ya nje kwa viwango vya kuagiza, na kuanzia miaka ya 1970 sharubati ya mahindi ikawa rahisi kuliko sukari. Iliingia katika soda, mkate na michuzi. Ulaya iliwekea ukomo uzalishaji wa bidhaa kama hiyo hadi 2017. Leo zaidi ya nusu ya nguvu ambayo Mmarekani hupata katika chakula inatoka katika vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi. Ulinganisho wa manunuzi ya kaya za Ulaya uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kiwango cha takriban asilimia 10 Ureno, 13 Italia, na 50 Uingereza. Vipimo havilingani moja kwa moja, lakini mpangilio uko wazi. Unene uliopitiliza huwapata watu wazima takriban 40 katika kila 100 Marekani, zaidi ya 25 Uingereza, na 17 Ufaransa. Chakula si sababu pekee. Anayetembea hadi dukani na anayeendesha gari hawatumii nguvu sawa.

Katika pombe mwelekeo hugeuka, na Marekani ndiyo yenye masharti makali zaidi. Marekani ilipiga marufuku pombe kuanzia 1920 hadi 1933, na tangu 1984 imesukuma majimbo yote yaweke umri wa miaka 21 kuwa wa chini wa kununua pombe. Ujerumani huruhusu bia na divai kwa miaka 16, nazo hukaa mezani kama sehemu ya mlo.

Pande hizi mbili zimekuwa zikikaribiana. Mwitaliano Carlo Petrini na wenzake waliandamana mwaka 1986 kupinga McDonald's karibu na ngazi za Piazza di Spagna, Roma, na kutokana na hapo ikazaliwa harakati ya Slow Food, yaani chakula cha polepole. Hata hivyo Ufaransa leo ina migahawa ya kampuni hiyo zaidi ya 1,500. Kampuni ya kahawa ya Marekani, Starbucks, iliyobadilika baada ya mkuu wake wa masoko wa wakati huo, Howard Schultz, kuvutiwa na baa za kahawa za Milano mwaka 1983, ilifungua tawi huko mwaka 2018. Marekani, mpishi Alice Waters alianzisha mgahawa wa Chez Panisse mjini Berkeley, California, mwaka 1971 kwa kununua moja kwa moja kwa wakulima, na masoko ya wakulima yaliongezeka kutoka 1,755 mwaka 1994 hadi zaidi ya 8,000 miaka ishirini baadaye. Mabadiliko hayo, hata hivyo, yamewafikia zaidi wenye kipato na wakazi wa miji ya pwani. Na Ufaransa, kanuni ya kutokula kazini ililegezwa kwa muda Februari 2021 wakati wa janga la korona.

Uwanja ambao serikali za pande zote mbili zina nguvu kubwa zaidi ni mlo wa shuleni. Ufini ilipitisha mwaka 1943 sheria ya kumpa kila mwanafunzi chakula bure. Ufaransa mtoto huketi kwa kianzio, chakula kikuu, jibini na tunda, na sheria ya 2018 inazitaka kantini zitumie asilimia 50 ya bidhaa za ubora uliothibitishwa, 20 kati yake zikiwa za kilimo hai. Marekani ilianzisha mpango wake wa kitaifa mwaka 1946, kwa shabaha mbili: afya ya watoto, na kupata mahali pa kupeleka ziada ya mazao ya wakulima. Shabaha ya pili iliathiri sahani kwa miongo mingi. Sheria ya mwaka 2010 iliongeza mboga, matunda na nafaka zisizokobolewa, na katika mwaka wa masomo wa 2022 California na Maine zilikuwa majimbo ya kwanza kutoa milo bure ya kudumu kwa wanafunzi wote, bila kuuliza kipato cha mzazi.